Maktaba Isiyofunguliwa Wala Kufungwa

Anayependa kuamini na aamini, anayependa kukataa na akatae, na watumishi wa serikali ya nchi ile na wakae katikati kama walivyoagizwa.

Maana nchi ile ilikuwa na sheria. Zilikuwa nyingi, lakini hii ndiyo iliyotangazwa kila Jumatatu kwa kipaza sauti: wananchi wakipiga kura juu ya jambo lao la mtaani, serikali isiwe na upande. Chanzo chake kilikuwa kisima. Watu wa kata fulani walitaka kuamua kama kisima chao kichimbuliwe upya au kifukiwe, na siku moja kabla ya kura polisi mmoja aliyechomwa na jua akaonekana akinywa maji ya kisima kile. Alipomaliza kunywa akasema "aah." Waliotaka kifukiwe wakakimbilia mahakamani. Jaji akatafakari mpaka miwani ikamteleza, akaamua kwamba kunywa si kosa, kosa ni ile "aah."

Ndipo ikaundwa Wizara ya Kutoegemea. Watumishi wake walitembea katikati ya barabara, na ndiyo sababu wengi wao walichechemea, kwa kugongwa na baiskeli za kwenda na za kurudi. Chai yao ilitiwa sukari nusu kijiko, isiwe tamu wala isiwe chapwa. Ukimwamkia mmoja wao, "Habari za asubuhi?" hakukwambia nzuri wala mbaya. Alikujibu, "Zipo," akapita.

Katika watu hao hakuna aliyemfikia Bwana Zahoro Kipembe. Huyu alikuwa kapiga hatua kiasi kwamba hata kitandani alilala chali tu, kwa kuogopa ubavu. Siku moja mke wake, Bi Asumini, alisimama mbele yake na khanga mbili mkononi, moja ya kijani na moja ya zambarau.

"Baba Tumu, ipi inanikaa?"

Zahoro akazitazama kwa muda unaolingana.

"Zote ni khanga," akasema.

Bi Asumini akazikunja zote mbili, akazitia kwenye begi, akaenda kwao. Zahoro akaandika katika taarifa yake ya mwezi kwamba hali ya nyumbani ni shwari pande zote.

Kwa sifa za namna hiyo, haikuwa ajabu Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mshamu Kilindo, alipomwita ofisini. Waziri alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa sentensi.

"Kipembe," akasema, "taifa hili limesimama imara kwa sababu halijasimama popote. Nenda Majengo Mapana. Wale watu wana maktaba ya umma, na sasa watapiga kura kama huduma zake ziendelee au jengo ligeuzwe ukumbi wa sherehe. Simamia. Ukirudi hujaegemea hata kwa unene wa ukucha, kiti cha Mlinganishi Mkuu ni chako. Kile cha mikono. Kinazunguka."

Zahoro, ambaye tangu aajiriwe alikuwa akikalia stuli, alihisi mgongo wake ukishukuru kabla ya mdomo.

"Na serikali, Mheshimiwa, yenyewe ingependelea—"

"Umeniuliza kitu, Kipembe?"

"Sijauliza, Mheshimiwa."

"Nami sijasikia. Safari njema. Au safari tu."

*

Majengo Mapana ulikuwa mji mwembamba. Maktaba yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye rafu hadi darini, kando ya kiwanja cha mpira, na mkutubi wake alikuwa Bi Siwema Ngatunga, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na macho yasiyokuwa chini hata kidogo. Zahoro alimkuta akifuta vumbi. Akamwomba aache, kwa kuwa kufuta vumbi ni kuonyesha matumaini.

"Halafu huu mlango," akasema. "Uko wazi."

"Ni saa za kazi, Bwana Afisa."

"Mlango wazi ni kampeni ya wanaotaka maktaba iendelee."

"Basi nifunge."

"Ukifunga umewafanyia kampeni wenzao."

Bi Siwema akaweka kitambaa chini. "Sasa unataka niufanye nini, niukunje?"

Zahoro akatoa Mwongozo wa Wizara, akausoma, akauweka, akautoa tena. Mchana huohuo akaletwa seremala na msumeno, akaukata mlango wa maktaba kwa upana, katikati kabisa. Nusu ya juu ikaachwa wazi. Nusu ya chini ikafungwa kwa komeo. Bi Siwema akawa anatoa vitabu kwa juu, kama mtu anayeuza maandazi dirishani.

Hapakuishia hapo. Kibao cha KARIBU kiliteremshwa, kikapandishwa kingine kilichoandikwa UMEFIKA. Wasomaji waliagizwa wasome bila kuonyesha kupendezwa. Mzee mmoja wa cherehani, aliyekuja kila siku kusoma vichekesho, alicheka akiwa ameegemea ukuta wa mashariki, akaonywa. Kesho yake ikambidi acheke kidogo ukuta wa mashariki na kidogo ukuta wa magharibi, na walio karibu naye wanasema cheko la magharibi halikuwa na ladha.

"Na mimi?" akauliza Bi Siwema. "Mimi nifanye uso gani?"

"Wa kawaida."

"Huu ndio wa kawaida."

"Unaonekana kama unayetaka maktaba isifungwe."

"Bwana Afisa, nimefanya kazi humu tangu nikiwa msichana. Hapa ndipo wanawake wa sokoni walipojifunzia kusoma vipimo, wakaacha kupunjwa. Wewe ulitaka niwe na uso wa aina gani?"

Zahoro akafikiri. "Wa posta," akasema.

*

Mwongozo ulisema pia kwamba vitabu vyenyewe vikaguliwe, kama vina upande. Zahoro akaanza na kamusi, akaikuta ni safi, ina maneno ya watu wote. Kisha akanyoosha mkono bila kuchagua, maana kuchagua ni dhambi, kikamwangukia mkononi kitabu kinene cha hadithi kisicho na jalada.

Ilikuwa hadithi ya fundi cherehani mmoja, mwanamke, aliyemfungia mtu ndani ya sanduku la nguo. Usiulize kwa nini. Zahoro naye alitaka kujua kwa nini. Fundi akalipandisha sanduku kwenye mkokoteni, akalipeleka stesheni, akalikatia tiketi ya mizigo. Ukurasa baada ya ukurasa sanduku linapakiwa, linapakuliwa, linagonga kwa ndani, na mwandishi hasemi humo mna nani. Huenda ni mume. Huenda ni yule mkaguzi wa reli. Kuna mahali Zahoro aliamini kabisa kwamba ni dada yake fundi, akajikuta kainuka kwenye kiti.

Akajitazama. Kainuka. Mtumishi wa Wizara ya Kutoegemea, kainuka kwa ajili ya sanduku.

Akaketi haraka na kujitafutia dawa: kila atakaposoma ukurasa mmoja wa hadithi, atasoma na ukurasa mmoja wa Gazeti Rasmi la Serikali, ili moyo urudi katikati. Basi sanduku likifika stesheni, yeye anakwenda kusoma tangazo la mabadiliko ya vipimo vya mabomba. Sanduku likigonga, anasoma orodha ya watu waliobadili majina. Kwa mtindo huo kitabu ambacho mwingine angekimaliza kwa kikao kimoja kilimshinda kumaliza, ikabidi akiazime.

Bi Siwema akachukua muhuri, akaugonga kwenye ukurasa wa mwisho. Zahoro akasoma tarehe ya kurudisha. Ilikuwa siku ileile ya kura.

"Hii tarehe umeichagua wewe?"

"Muhuri hauchagui, Bwana Afisa. Kila mtu anapewa muda uleule, awe waziri awe mchoma mahindi. Wa kurudisha wanarudisha kabla ya king'ora cha saa sita. Asiyerudisha, jina lake linapanda pale." Akaelekeza kidole kwenye ubao mweusi ulioandikwa WALIOCHELEWESHA VITABU. "Na likipanda haliteremki. Kuna majina ya marehemu pale."

Zahoro akaona jina lake ubaoni, kwa chaki, chini ya marehemu. Akaona pia kile kiti kikizunguka, hakuna mtu.

*

Aliyetaka ukumbi alikuwa Diwani Shomvi Likwata, mwenye biashara ya kukodisha viti vya plastiki na maturubai. Mtu angeweza kuuliza kama diwani si serikali. Jambo hilo lilikwishatatuliwa: Diwani alivua kofia yake ya udiwani asubuhi, akawa mwananchi wa kawaida, akafanya kampeni, akaivaa tena jioni.

"Ndugu zangu," alinguruma akiwa amepanda juu ya kiti kimojawapo, "vitabu vimekaa ndani ya jengo lile miaka yote hii. Vimekaa tu. Je, vimewahi kusimama? Vimewahi kuoa? Vimewahi kucheza hata ngoma moja? Jengo ambalo halijawahi kupigiwa vigelegele ni jengo gani?"

"Na vitabu vyenyewe vitakwenda wapi?" mtu akauliza.

"Havitapotea. Serikali yangu ya mtaa, nitakapovaa kofia, itavigawa kwa wauza karanga. Kila karatasi itapata kazi."

Zahoro alikuwa amesimama katikati ya umati, uso wa posta. Ndani ya koti lake kile kitabu kilikuwa kimemlalia ubavuni, na sanduku lilikuwa limekwama kwenye stesheni ya makutano. Akawaza itakavyokuwa. Ukurasa wa fundi kwa muuza karanga wa sokoni, ukurasa wa mkaguzi kwa muuza karanga wa stendi. Itambidi ale karanga za mji mzima, na hata hivyo huenda ule ukurasa wenye jina la aliye sandukuni apewe mtu asiyejua kusoma, aukunje na kuukalia.

Akatamani kusema neno. Akasema, "Mm," na hata hiyo akaigawa, nusu akielekea kwa Diwani, nusu akielekea maktaba.

Diwani alipopita mbele ya mlango uliokatwa, alimwita mkutubi. "Dada Siwema, mbona husemi? Jitetee basi, mji usikie."

"Nimefungwa mdomo na Wizara, Mheshimiwa."

"Mimi leo si Mheshimiwa, ni mwananchi."

"Basi mwananchi, una kitabu chetu cha mapishi tangu mwaka juzi. Jina lako lipo ubaoni."

Diwani akacheka kwa nguvu, akaondoka kwa hatua ndefu kidogo kuliko alizokuja nazo.

*

Ilifika siku ya kura. Wizara ilikuwa imepiga marufuku karatasi za kura kwa hoja isiyojibika: karatasi ni ndugu wa kitabu, na kuitumia ni kupendelea maktaba. Kwa hiyo watu wapige kura kwa foleni. Wanaotaka maktaba wapange mstari kuanzia mlango wa maktaba. Wanaotaka ukumbi wapange kuanzia kiti cha plastiki cha Diwani, upande wa pili wa kiwanja. King'ora cha kiwanda cha pamba kikilia saa sita, aliye kwenye foleni amehesabiwa. Katikati kabisa, penye alama ya chokaa, asimame Bwana Zahoro Kipembe na bendera ya kijivu, kuonyesha serikali ilipo, yaani haipo.

Wizara ilikuwa imefikiria kila kitu isipokuwa watu wa Majengo Mapana.

Watu wa mji ule walikuwa na tabia moja. Wakiona foleni, huingia kwanza, wakauliza baadaye. Hii waliipata mwaka wa uhaba, sukari ilipoletwa ghafla, waliosimama pembeni wakiuliza "kuna nini?" ndio waliokunywa chai isiyo na sukari mpaka mavuno. Na foleni ambayo mbele yake amesimama mtu wa suti, mwenye bendera na uso usiosema kitu, hiyo kwao ilikuwa haina swali. Hiyo ni ya serikali, na inagawa.

Wa kwanza kusimama nyuma ya Zahoro alikuwa Bi Mwatatu, muuza mbaazi, na kikapu chake.

"Mama," Zahoro akasema bila kugeuka sana, "hapa si mahali pa kupanga."

"Sawa, mwanangu. Mnaanza saa ngapi?"

"Hatuanzi. Mimi sigawi kitu. Mimi sina upande."

"Najua. Hata wa sukari alisema hivyohivyo."

Nyuma ya Bi Mwatatu akaja mwingine, na mwingine. Mtu akimwona jirani yake kwenye foleni ya katikati, anaacha foleni ya maktaba, au ya ukumbi, anakimbilia huku akishika kofia.

"Wanagawa nini hapa?"

"Haijajulikana. Lakini kimya kikubwa namna hii, si kitu kidogo."

"Mimi nimesikia mabati."

"Mabati hayaji na bendera. Hizi ni cherehani."

Jua lilipopanda, foleni ya kati ilikuwa imezunguka goli na kuingia mtaani. Ya maktaba ilikuwa imebaki fupi. Mzee wa cherehani ndiye aliyekuwa mbele, akitazama mashariki na magharibi. Ya Diwani ilikuwa ndefu kidogo kuliko hiyo, kwa sababu watu wake walikuwa wamekaa kwenye viti. Foleni ya kati, kwa mujibu wa Mwongozo, haihesabiwi. Diwani akaangalia, akapiga hesabu, akaanza kutabasamu kama mtu aliyekwisha kutandika turubai.

Zahoro aliliona tabasamu lile. Awaambie watu waende zao, atakuwa ameingilia kura. Awaambie waende wapi, atakuwa amefanya kampeni. Jasho likamteremka mashavu yote mawili kwa kiasi sawa.

Ndipo sauti ya chini ikatoka nusu ya juu ya mlango. Haikuwa sauti ya kampeni. Ilikuwa ileile ya kila siku ya kazi.

"Wenye vitabu vya kurudisha leo, warudishe kabla ya king'ora."

Zahoro akaugusa ubavu wake. Kitabu.

Akatazama ubao mweusi, unaoonekana hata kutoka pale. Bi Siwema alikuwa amesimama kando yake na chaki mkononi. Uso wake ulikuwa wa posta.

Akatoa simu, akampigia Waziri, akamweleza yote kwa kunong'ona. Kutoka upande wa pili sentensi ikaanza kuja kama treni ya mizigo.

"Kipembe, serikali haina msimamo juu ya wewe kurudisha au kutorudisha kitabu. Serikali inaheshimu kurudisha, na inaheshimu kutorudisha kwa heshima ileile. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa. Sasa nifanye nini?"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Basi Zahoro Kipembe, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akabaki na nafsi yake peke yake, na hawakuwa wanafahamiana vizuri. Akafikiria kiti kinachozunguka. Akafikiria karanga. Akamfikiria aliye ndani ya sanduku, yeyote yule, anayegonga, na watu wa stesheni wote wanasema si kazi yao, hawana upande.

Akachomeka bendera ardhini, akainua mguu, akautoa kwenye chokaa.

"Anakwenda," Bi Mwatatu akasema.

"Anakwenda wapi?"

"Wamehamisha dirisha."

Neno hilo kila mwananchi wa nchi ile alilijua toka tumboni mwa mama yake. Dirisha la kugawia likihamishwa, humpi mtu nafasi. Foleni yote ya kati ikajipinda, ikamfuata Zahoro ikimkanyaga visigino, ikavuka kiwanja, mkia wake ukatoka mtaani, ukapita goli, ukamzunguka Diwani na kiti chake. Baadhi ya waliokuwa wamekaa kwa Diwani waliona wanaachwa, wakainuka na viti vyao wakafuata.

"Huyo kaegemea," Diwani akapiga kelele. "Mashahidi ninyi, afisa kaegemea."

"Narudisha kitabu," Zahoro akajibu bila kusimama. Ilikuwa sentensi ya kwanza yenye mwelekeo aliyowahi kuitamka.

Akafika mlangoni, akakitoa kitabu ndani ya koti kwa mikono miwili, akakipitisha juu ya komeo. Bi Siwema akagonga muhuri. King'ora kikalia.

*

Bi Mwatatu alikuwa bado nyuma yake, kikapu kichwani. "Haya dada, mnatugawia nini?"

"Vitabu," Bi Siwema akasema.

Neno hilo likapitishwa foleni nzima, mpaka kwenye goli.

"Vya serikali?"

"Vya serikali."

Bi Mwatatu akafikiri. Mtu ambaye amesimama juani asubuhi nzima hawezi kurudi mikono mitupu. Majirani watasema nini. "Basi lete hicho kilichoko mkononi mwako."

Zahoro akageuka. "Mama, hicho nilikuwa sijakimaliza."

"Ulipokuwa nacho ulikuwa unafanya nini, mwanangu?"

Akamtazama Bi Siwema, akamwona anamwonyesha kwa kidole mwisho wa foleni, kule mtaani. Akaenda, akasimama nyuma ya mtu wa mwisho. Diwani, aliyekuwa akihesabu kwa sauti ya kilio, alimhesabu na yeye. Maktaba ikashinda kwa foleni ambayo haijapata kuonekana, na kabla jua halijazama rafu zilikuwa tupu, mji mzima umekaa barazani ukisoma, wengine wakiendelea kuuliza cherehani zitakuja lini.

Wizara iliunda tume. Zahoro akasimamishwa mbele yake.

"Ulisogea?"

"Nilisogea."

"Upande gani?"

"Upande wa kurudisha."

Tume ikakwama hapo. Kumwadhibu kungekuwa kupinga matokeo. Kumsifu kungekuwa kuyashangilia. Baada ya vikao vingi vya chai ya nusu kijiko, Waziri akatoa uamuzi wa busara: Zahoro apewe kile kiti cha mikono, lakini mkono mmoja ung'olewe. Kikaletwa kwa lori mpaka Majengo Mapana, na kwa kuwa hakuna aliyejua kitakaa ofisi gani, kikawekwa maktaba, kando ya mlango uliokatwa. Kinazunguka vizuri, ila kinakwenda kushoto tu.

Hapo ndipo Zahoro anapokaa sasa, akingoja Bi Mwatatu amalize. Bi Mwatatu husoma polepole, kwa kidole, na akifika mahali patamu huja mpaka kwenye kiti kumwambia, "Mwanangu, usipime, usipime," na Zahoro huziba masikio.

Bi Asumini alisikia habari hizi huko kwao, akasema si kweli, akaja kujionea mwenyewe. Alimkuta mumewe kiti kimemzungusha anatazama rafu. Hakumwamkia. Alifungua begi, akatoa zile khanga mbili, akazitandaza juu ya nusu ya mlango.

"Baba Tumu. Ipi?"

Maktaba nzima ikaacha kusoma. Bi Siwema akashusha muhuri. Zahoro akaitazama ya kijani, akaitazama ya zambarau, na kope zikamcheza.

"Ya zambarau," akasema. "Ile ya kijani sijawahi kuipenda."

Bi Asumini akamwekea kiganja kwenye paji la uso, kuona kama ana homa. Hakuwa nayo. Akajifunga ya zambarau, akavuta benchi, akakaa.

Na anayetaka kujua ni nani aliyekuwa ndani ya sanduku, foleni inaanzia pale mlangoni, nusu ya juu.